Osha Gari, Usichafue Mto

Gari ni mali. Pikipiki ni mali. Baiskeli pia ni mali. Mkulima anayenunua pikipiki huuza mahindi, ufuta au vitunguu vya misimu kadhaa. Kikundi kinachonunua pikapu huweka akiba shilingi kwa shilingi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kutu nayo hula bati haba na haba.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo katika vijiji vilivyo kati ya Kilosa na Mikumi. Nimepanda pikapu, malori na pikipiki za kila namna. Nimeona gari la miaka mingi ambalo bodi yake bado ni nzima. Nimeona pia gari lisilo la zamani sana, lakini ukitazama sakafu yake unaiona barabara chini. Mara nyingi tofauti si umri. Tofauti ni matunzo.

Leo tuzungumze mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kuosha gari ili lidumu. La pili ni mahali pa kuliosha. Watu wengi hulijua la kwanza na kulisahau la pili.

Kutu hutoka wapi?

Bodi za magari mengi hutengenezwa kwa bati la chuma. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, huanza kushika kutu. Rangi ni nguo ya bati. Huzuia maji na hewa visiliguse. Rangi ikichubuka, maji hupata njia. Kutu huanza kama doa dogo. Kisha huenea chini ya rangi, na rangi huvimba kama lengelenge. Mwisho bati hutoboka.

Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana magari ya pwani huliwa na kutu upesi. Kilosa hatuna bahari, lakini pikapu zetu hubeba mbolea za viwandani na samaki wa chumvi. Vitu hivyo vikimwagika, vifagiwe na mahali pale paoshwe siku hiyo hiyo.

Adui mwingine ni tope. Wakati wa masika tope hujikusanya chini ya madigadi na kwenye kingo za milango. Tope hushika unyevu kwa siku nyingi. Juu gari limekauka, lakini chini bati bado limelowa. Kwa hiyo ukiosha gari, usioshe panapoonekana tu. Inama, uoshe na chini.

Namna ya kuosha

Kwanza, weka gari kivulini na uache bati lipoe. Juani sabuni hukauka kabla hujaisuuza, na huacha madoa.

Pili, mwagia maji matupu ili mchanga na vumbi vitoke. Usianze kusugua. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga. Ukisugua gari lenye mchanga, unalipiga msasa kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu, tumia ndoo mbili. Moja ni ya maji ya sabuni. Ya pili ni ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Kila ukimaliza sehemu moja, suuza kitambaa kwanza, ndipo ukichovye tena kwenye sabuni.

Nne, anza juu, shuka chini. Magurudumu yawe ya mwisho, na yawe na kitambaa chake. Tumia kitambaa laini au sponji. Usitumie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria.

Tano, suuza, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Tazama matundu madogo yaliyo chini ya milango. Matundu hayo ni ya kutolea maji. Yakiziba kwa tope, maji hukaa ndani ya mlango na kuuozesha kutoka ndani.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa mti usivingoje siku ya kuosha. Vikikaa juani huharibu rangi. Vilowanishe kwa maji, vilainike, kisha futa taratibu.

Watu wengine hupaka dizeli au mafuta ya taa ili gari au pikipiki ing'are. Hung'aa kwa siku moja. Kesho yake vumbi lote la barabarani limenata. Tena mafuta hayo huharibu mipira, na yanaweza kushika moto. Dawa iliyo bora ni polishi ya magari yenye nta. Nta moja inayosifiwa kwa kazi hiyo hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende, huko Brazili. Nta hiyo huwa ngumu kuliko nta ya nyuki, na haiyeyuki upesi kwa joto. Ukitaka kujua kama polishi bado ipo, nyunyiza maji. Yakisimama kama vitone, ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Mahali rangi ilipochubuka, usipaache. Ondoa kutu kwa msasa, futa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha paka rangi ya juu. Kazi hiyo ikifanywa mapema ni ndogo. Ikichelewa, inakuwa kazi ya fundi wa kuchomelea.

Usafi na usalama

Kutoka Mikumi kwenda Morogoro, barabara kuu hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Wanyama huvuka barabara hiyo mchana na usiku. Dereva mwenye kioo cha mbele chenye vumbi na taa zenye tope humwona nyati akiwa amekwisha kumfikia. Basi, kabla ya kuingia hifadhini, futa kioo na taa. Kitambaa kimoja na chupa ya maji vinatosha kuokoa maisha.

Futa na kibao cha namba pia. Wewe uliyejifunza kusoma sasa unaweza kusoma namba hiyo. Gari likimgonga mtu na kukimbia, namba uliyoisoma itawasaidia polisi. Namba iliyofunikwa na tope haimsaidii mtu.

Uchafu huenda wapi?

Sasa tuje kwenye jambo la pili. Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kilosa na Mikumi, vijana walikuwa wakiosha pikipiki na pikapu ndani ya kijito. Maji hayakuwa na gharama. Wateja walikuwa wengi, hasa siku za mnada. Chini kidogo, kinamama walichota maji ya kupikia.

Siku niliyotembelea darasa la kijiji hicho, somo lilikuwa hesabu. Kabla halijaanza, mama mmoja alisimama. Akasema, "Mwalimu, ndoo yangu ya leo ina mafuta juu. Nimwage au nipikie watoto?"

Kijana mmoja wa darasa hilo hilo alijibu kwa adabu, "Samahani, mama. Tunakosea, lakini na sisi tutakula wapi? Kijito ndicho shamba letu."

Darasa lilinyamaza. Wote wawili walikuwa na haja ya kweli. Mama alidai maji, kijana alidai riziki. Kumfukuza kijana kusingemlisha. Kumnyamazisha mama kusingesafisha ndoo yake.

Niliwauliza wanakisomo swali moja. Tope, sabuni na mafuta vikitoka kwenye gari, huenda wapi? Walifuata njia ya maji kwa vidole juu ya meza. Kijito huenda mtoni. Mto Mkondoa hupita Kilosa, na maji yake huingia mto Wami. Watu wa Chalinze hupata maji ya bomba kutoka Wami. Mwisho Wami huingia Bahari ya Hindi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe uchafu haupotei. Unahama tu."

Tena gari likiingia mtoni kila siku, ukingo humomonyoka. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa nguvu ya mto. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu walikosa makazi, na reli ya kati iliharibika. Ukingo wa mto ni ukuta wetu, tusiubomoe.

Sheria nayo inasema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulitoka nje kupima. Hatua ya mtu mzima ni karibu robo tatu ya mita. Kwa hiyo mita 60 ni hatua 80. Hilo ndilo likawa somo letu la hesabu.

Kisha tulipiga hesabu ya maji. Tuseme mpira hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja. Ukiuacha wazi dakika 15, umemwaga lita 300. Lakini ukiosha kwa ndoo 5, umetumia lita 100 tu. Kijana yule aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake mara mbili.

Vijana walihamia juu, mbali zaidi ya hatua 80. Walichagua mahali penye changarawe na mwembe wa kivuli. Walichimba shimo wakalijaza kokoto, na mfereji mdogo wa kupeleka maji machafu humo. Maji huletwa kwa madumu kwa pikipiki. Oili chafu hawaimwagi tena chini. Huiweka kwenye dumu lenye mfuniko.

Sitakuambia kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Bei iliongezeka kidogo kwa sababu ya kubeba maji. Baadhi ya madereva waliondoka, wakaenda kuosha bure mtoni mahali pengine. Wengine walibaki, kwa kuwa vijana sasa huosha na chini ya madigadi. Mama yule huchota maji yake asubuhi. Mtoto wa kijana yule hunywa maji ya kijito hicho hicho.

Ndugu msomaji, kijijini kwako magari huoshwa wapi? Kesho chukua hatua 80 kutoka ukingoni, uone umefika wapi. Kisha waite jirani zako mjadiliane.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tope lililo chini ya gari ni hatari kuliko vumbi lililo juu?
2. Kwa nini tunaanza kuosha kwa maji matupu?
3. Mpira hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja. Ukiachwa wazi dakika 25, ni lita ngapi?
4. Ungekuwa mwenyekiti wa kijiji hicho, ungewaambia nini vijana? Ungewaambia nini kinamama?