Askari Aliyedhaniwa Amekufa

Mimi ni karani wa parokia upande wa Temeke, hapa Dar es Salaam. Chuoni nilisomea ualimu, lakini chaki sikuishika sana. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na kuwaandikia watu vyeti. Leo nakuletea habari ya sinema, nawe usishangae.

Jumapili moja vijana wetu walitaka fedha za sare za kwaya. Wakatundika shuka nyeupe ukumbini, wakaazima mashine, wakaonyesha picha ya Kihindi iitwayo Sangam. Ni picha ya mwaka 1964. Aliyeitengeneza ni Raj Kapoor, naye mwenyewe anacheza ndani yake. Wazee wa mji huu wanampenda sana mtu huyo. Zamani, kabla ya televisheni, walijaa katika majumba ya sinema ya mjini kutazama picha za Kihindi, na wenye magari walikwenda Drive-In kule Msasani. Sisi tuliozaliwa baadaye tulizoea vibanda vya video vya mitaani, tukisikiliza sauti ya marehemu Derek Mukandala, yule aliyeitwa Lufufu, akiyafasiri maneno ya wageni kwa Kiswahili na kutia chumvi yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Sundar anampenda Radha, lakini Radha anampenda Gopal, rafiki yake Sundar. Gopal ni mpole, hasemi. Sundar anaingia jeshi la anga, na kabla ya kuondoka anamwapisha Gopal asikubali mwanamume mwingine aingie kati yake na Radha. Anatumwa kuwapelekea askari vifaa huko Kashmir, ndege inaangushwa, habari inakuja kwamba amekufa. Watu wanalia. Halafu kidogo kidogo Gopal na Radha wanaanza kupanga maisha yao. Mara, Sundar huyo amerudi!

Hapo mama mmoja aliyeketi karibu nami akainuka, akatoka nje. Nikadhani amechoka, maana picha ile ni ndefu, karibu saa nne. Nikamfuata, nikamkuta ameketi juu ya ngazi.

“Shikamoo mama. Unaumwa?”

“Marahaba mwanangu. Siumwi. Yule aliyerudi ndiye aliyenitoa.”

Basi akanisimulia, naye ameniruhusu niandike, ila majina niyaache. Mume wake alikuwa askari. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika nchi yetu hadi mto Kagera. Mwezi wa Novemba mume akapakiwa katika lori, akaenda. Machi 1979 yakatokea mapigano ya Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa. Baadaye akaja rafiki wa mume, ameumia mkono, akasema, “Shemeji, nilimwona akianguka Lukaya.” Mama alikwenda kuuliza kwa wakubwa. Jina halikuwamo katika orodha ya waliokufa, wala hakuna aliyejua aliko.

Kodi ikamshinda, akahama Keko akapanga chumba Mtoni. Yule rafiki akawa analeta unga, akaezeka upya paa lililokuwa likivuja. Mwaka ukapita na zaidi. Akamwomba wafunge ndoa.

“Nami nilikubali,” akasema mama. “Nisikudanganye, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha mpenda.”

Wakaenda kwa padre. Padre akataka ushahidi wa kifo, nao hawakuwa nao. Akakataa. Mama akakasirika, akakaa miezi mingi bila kukanyaga kanisani.

Nakusimamisha kidogo hapa, msomaji, kwa sababu jambo hili huletwa hata leo ofisini kwangu. Mwenzi akipotea, kukaa kimya kwake tu, hata kwa miaka mingi, hakumfanyi kuwa maiti. Kanuni ya 1707 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka Askofu afanye uchunguzi kwanza, apate hakika ya kutosha moyoni, ndipo atangaze kwamba mtu huyo anahesabiwa amekufa. Hata kabla ya mwaka huo hakika ya kifo ilidaiwa. Nimewahi kuwaeleza wajane neno hili, na nilijiona mkatili.

Mwaka 1981 majeshi yetu yaliondoka Uganda. Jioni moja mama yuko jikoni, akasikia hodi. Ni mumewe, anachechemea. Alikuwa amelala hospitali muda mrefu, kisha akabaki na wenzake kulekule. Barua zake zilikwenda Keko, ambako mama hakuwako tena.

“Alikula, akalala chali, akatazama juu. Akaniuliza, Paa hili ameezeka nani?”

Nikakumbuka Sundar, maana katika picha anamwoa Radha, halafu anaiona barua ya mapenzi isiyo na jina, anamtesa mkewe ataje mwandishi. Mwisho Gopal anajipiga risasi. Mimi mwisho ule haukunipendeza hata kidogo. Wanaume wawili wanampokezana mwanamke kama shamba la urithi, mmoja anatoa, mwingine anapokea, na mwenyewe haulizwi.

“Ukamjibuje?”

“Nilimtajia jina palepale. Na habari ya padre nikamwambia. Hakusema neno. Alfajiri akatoka, nikatazama kama panga lipo mahali pake. Lilikuwapo. Magharibi wakarudi wote wawili, miguu imejaa vumbi, wakaomba chakula. Walisemezana nini kutwa nzima, hakuna aliyeniambia. Mume wangu amekwenda nalo kaburini, na yule mwingine nikimwuliza anacheka tu. Hilo linanikera mpaka leo.”

Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi ndani kutazama picha.

Jumatatu nilifungua kitabu cha ubatizo cha mwaka 1983, kurasa zimekwisha kuwa za njano. Nikamwona mtoto wao wa kiume, jina la baba, jina la mama. Na penye nafasi ya msimamizi, kwa mwandiko wa padre yuleyule aliyewakatalia, limeandikwa jina la mtu aliyeezeka paa.