Utatuletea Nini Kutoka Pwani?

Kwetu Tabora mtu akiaga kwamba anakwenda pwani, hakuulizwa atakaa siku ngapi wala atafikia kwa nani. Aliulizwa: "Utatuletea nini?" Nimelisikia swali hilo tangu sijajua kusoma, na naamini ni la zamani kuliko reli, kuliko boma la Wajerumani, kuliko hata shule ya wavulana aliyosoma Nyerere. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na misafara yao kabla Waarabu hawajaweka makazi Unyanyembe. Walikwenda na pembe za ndovu, wakarudi na nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika kuwa kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika baharini hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Mpagazi alijitwika frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, akamfuata kirangozi, kiongozi wa msafara, miezi mitatu kwa miguu. Bahari aliiona, lakini hakuifuata bahari. Aliifuata nguo.

Sisi tulikwenda kwa pasi. Baba alikuwa fundi wa reli, na mwaka wa likizo yake ulipofika alipewa pasi ya kusafiria yeye, mama na watoto. Bila pasi ile nisingeijua Dar es Salaam utotoni, maana nauli ya watu sita ingemaliza mshahara. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Stanley, msafiri wa Kizungu, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Tabora Juni. Sisi njia hiyo, kilomita 840 kwa reli, tulisafiri usiku mmoja na mchana wake, na mara nyingine usiku wa pili ukatukuta njiani.

Safari ninayoikumbuka vizuri zaidi ni ya mwaka 1987. Wiki mbili kabla, majirani walianza kupita nyumbani mmoja mmoja na pesa zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Mama aliandika kila kitu kwenye daftari la shule: mke wa mkuu wa stesheni, doti ya khanga, isiwe nyekundu; bibi wa nyumba ya tatu, tambi za jiko la mafuta; fundi cherehani, zipu na vifungo; mwalimu wetu wa kanisani, kandambili namba nane. Raba mtoni waliziagiza vijana wote wa mtaa. Daftari lile lilikuwa zito kwa mama kuliko mizigo, kwa sababu pesa ya mtu ukiipoteza unaishi naye mlango kwa mlango.

Na sisi hatukwenda mikono mitupu. Baba mdogo aliyekuwa akiishi Buguruni asingetusamehe. Tulibeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga za kumenya, jogoo wawili kwenye tenga na debe la asali ya Sikonge. Tabora ndipo mabehewa ya Kigoma yalipounganishwa na ya Mwanza, kwa hiyo tulipopanda, daraja la tatu lilikuwa limekwishajaa dagaa na madumu ya mawese. Debe letu likawekwa juu. Usiku, baada ya Goweko, mfuniko ukalegea.

Mzee mmoja wa Kigoma aliamka akijifuta shingo. "Mama, kuna kitu kinanidondokea."

"Nisamehe sana baba yangu, ni asali."

Akaonja kidole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, kama ni asali, msiifunge haraka." Behewa zima likaamka. Begi la mtu lilikuwa limelowa, kanzu ya mzee imeganda mgongoni, na bado sikusikia tusi hata moja. Ugogo, mahali ambapo misafara ya zamani ilisimamishwa ilipe hongo kwa watemi kabla ya kuchota maji, treni yetu ilisimama Saranda na mzee yule ndiye aliyetununulia kuku. Alimega paja akampa mdogo wangu wa mwisho kwanza. Mpaka leo, nikisikia mtu wa Tabora akisema "kuku wa Saranda," mate yananijaa.

Lazima nieleze ilikuwaje pwani ikawa na mvuto mkubwa vile mwaka ule. Miaka michache nyuma, baada ya vita vya Kagera, hata Dar hakukuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na mtu aliyepita na kipande cha sabuni alifuatwa kwa macho. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na alipoingia Rais Mwinyi mwaka uliofuata milango ikafunguka zaidi. Mitumba ikarudi. Kwa hiyo familia iliyokwenda Dar mwaka 1987 ilikwenda kuangalia nchi inavyopata nguo tena.

Kariakoo tulikwenda kila siku ya Mungu. Lile jengo la soko alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lilinitisha kwa ukubwa. Lakini ununuzi wenyewe ulikuwa mitaani, kwenye marundo. Mama yangu, mwanamke mpole asiyepandisha sauti nyumbani, pale aligeuka mtu mwingine. Aliishika khanga, akaitazama upande wa pili, akaivuta pindo, akaiweka. "Mwisho ngapi?" Akitajiwa bei alianza kuondoka polepole, bila hasira, huku akiuliza kitu kingine kwa muuzaji wa jirani. Aliitwa. Karibu kila mara aliitwa. Doti ya mke wa mkuu wa stesheni aliipata kwa bei iliyobakiza hela ya vifungo, na hela hiyo aliiandika daftarini, airudishe kwa mwenyewe.

Baba hakuwa na subira hiyo. Kijana mmoja alimfuata kichochoroni na kitambaa cha suti kilichofungwa kwenye nailoni, cha kijivu, kizuri kabisa, kwa bei ambayo hata dukani usingeisikia. Tulipofika Buguruni na kufungua, nguo ilikuwa mkunjo wa juu tu. Ndani yake kipande cha gunia kimekunjwa vizuri kabisa. Baba alikaa nacho mapajani muda mrefu. Baba mdogo akataka kurudi kumtafuta yule kijana; baba akamwambia aache. Mama hakusema neno. Tuliporudi Tabora alikishona kile kipande cha juu kikawa kaptura ya mdogo wangu, ikavaliwa mpaka ikaisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ilitoka wapi.

Bahari tuliipata siku ya kuamkia kuondoka, baada ya daftari kukamilika. Baba mdogo alitupakia kwenye basi la UDA, lile Ikarus tuliloliita kumbakumba, kisha tukatembea hadi ufukwe wa Oysterbay, unaoitwa sasa Coco Beach. Sisi maji mengi tuliyoyajua yalikuwa bwawa la Igombe, maji yanayokaa pale ulipoyaacha. Pwani ya Dar, wakati wa bamvua, kina hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Watoto wa pwani wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Sisi tulivua raba zetu mpya tukazipanga mstari kwenye mchanga mkavu, tukawafuata kaa. Tulipogeuka hapakuwa na mchanga mkavu. Mvuvi mmoja wa ngalawa alituokotea raba tatu kati ya zote, na hazikuwa jozi. Dada yangu alikanyaga mdudu mwenye miiba myeusi, akabebwa mgongoni hadi barabarani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka vile, na nadhani ni kwa sababu mizigo ya majirani ilikuwa salama, imefungwa, iko Buguruni.

Baba alistaafu na pasi zikaisha. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisomba reli kule Kilosa, treni za abiria zikasimama, na watu wengi wa kwetu wakahamia kwenye mabasi, wakizungukia Nzega na Singida. Mwaka 2022 lami ya Nyahua hadi Chaya ilizinduliwa na njia ya kwenda Dar kupitia Itigi ikawa fupi. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kutoka Dar mpaka Dodoma, chini ya saa nne, na tuta la kuja Tabora linajengwa. Hayo yote yanasemwa sana, sina la kuongeza.

Lililonigusa zaidi ni kufa kwa lile daftari. Mtu wa Tabora leo anapiga picha ya kitambaa kwenye simu, anamtumia mwenye duka Kariakoo, analipa kwa simu hiyo hiyo, na kesho yake anakwenda stendi kuchukua mzigo kwenye basi. Raba zilizochukuliwa na bahari mwaka 1987 zinauzwa leo chini ya miembe ya mjini kwetu. Mwaka jana nilikwenda Dar na wanangu kwa basi hadi Dodoma, halafu treni mpya. Hakuna jirani aliyekuja na pesa kwenye pindo. Tulivuka daraja la Kigamboni, watoto wakashinda majini tangu asubuhi, wakajua saa za maji kujaa kwa kutazama simu. Kariakoo hawakuitaja.

Sitausifu uhaba. Mama alihesabu tambi za jiko kama dhahabu, na sitamani binti yangu aishi hivyo. Nafurahi kwamba wanangu wameifuata bahari kwa ajili ya bahari, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya kabla yao. Lakini niliwapeleka pia Bagamoyo, nikawaonyesha lango la Caravan Serai, kituo cha misafara ya zamani, na mkubwa akaniuliza kwa nini watu wa Tabora watajwe huko mbali. Hilo liliniuma. Amepita Ugogo amelala, Kilosa amelala, njia nzima waliyoipasua wahenga wake kwa nyayo, na hakuna aliyemwamsha.

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo kwenye orodha ya kusubiri urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini Tabora; ni pale kwenye tembe alilokaa Livingstone akingojea wapagazi mwaka 1872. Mzazi mwenzangu, likizo ijayo ukikata tiketi za watoto kwenda Dar, wapeleke Kwihara Jumamosi kabla ya kuondoka. Waambie wapagazi wa Livingstone walitoka pwani kwa miguu, na kwamba miguu mingine mingi, ya watu wetu, ilikuwa imekwishaizoea njia hiyo. Halafu njiani, basi likisimama Manyoni, wanunulie kuku.