Injini ya Toyota au Rotax?

Leo tuache mambo ya programu, tuzungumze kuhusu injini. Kwa wasiojua, mimi na marafiki wawili tunaunda ndege ya viti viwili, Zenith CH 701, iliyobuniwa na Chris Heintz. Ni ndege ya alumini ambayo mtu huijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa subira nyingi. Mabawa yako tayari, mkia uko tayari. Imebaki injini... na hapa ndipo urafiki unapojaribiwa.

Mwenzetu mmoja anataka tutie injini ya Toyota iliyotumika, kutoka Japani. Hoja zake si za mchezo. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya injini ya ndege. Spea ni tele Kirinyaga Road, na kila fundi anaijua. Tena si jambo geni kwetu: mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alivuma kwa kuunda ndege nyumbani akitumia injini ya Toyota NZE. Heko kwake! Basi mwenzetu anauliza: kama Probox inabeba magunia ya miraa kutwa kucha bila kulalamika, injini yake itashindwaje angani?

Swali zuri. Jibu langu la kwanza ni aina ya kazi. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia nguvu farasi 20 na kitu hivi. Injini inapumzika zaidi ya inavyofanya kazi. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha husafiri kwa takriban robo tatu ya nguvu hizo, saa baada ya saa. Ni kama kuchukua kipakatalishi cha kusomea barua pepe ukakifanya seva. Kitawaka, ndiyo, lakini hakikuundwa kwa mzigo huo.

La pili ni rafadha, ile pangaboi ya mbele. Injini ya gari hutoa nguvu zake nyingi ikizunguka kama mara 6,000 kwa dakika. Hebu piga hesabu: rafadha ya mita 1.8 ikizunguka hivyo, ncha zake zitakwenda mita 565 kwa sekunde. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde! Rafadha ikipita hapo inapiga kelele tu badala ya kuvuta. Kwa hiyo lazima uunde giaboksi au mkanda wa kupunguza mwendo, na mtikisiko wa injini utakuwa ukikigonga kifaa hicho safari nzima. Rotax 912 inatoka kiwandani ikiwa na giaboksi yake.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi: umeme. Injini ya Toyota ya siku hizi inategemea betri, kompyuta moja na pampu ya mafuta ya umeme. Umeme ukikatika, injini inazima. Sisi waandishi wa programu tunajua hatari ya kuweka kila kitu juu ya seva moja. Rotax 912 yenye kabureta ina mifumo miwili ya kuwasha, kila silinda ina plagi mbili, na mifumo hiyo inajizalishia umeme wake. Betri ikifa, injini inaendelea kunguruma. Barabarani unaegesha kando na kumpigia fundi simu. Angani juu ya Kiambu, chini yako kuna mibuni na mapaa ya watu.

Haya, Rotax ipi? Kuna ya nguvu farasi 80 na ya 100, na CH 701 inapokea zote mbili. Kama tungekuwa Malindi, ya 80 ingetosha. Lakini sisi ni watu wa bara. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na taba hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Mchana wa joto, nyuzi 25, hewa ya hapo huwa nyepesi kana kwamba uko futi 8,000. Farasi 100 wanabaki kama 76. Wale 80 wanabaki 61 hivi, na mabawa nayo yanahangaika katika hewa ileile. Yaani nanunua 100 ili nibaki na karibu 80! Ipo pia Rotax 914 yenye taba, lakini ni ghali zaidi na ina vitu vingi zaidi vya kuharibika.

Kura yangu nimempa Rotax ya 100. Taabu ni kwamba ikiwa mpya hugharimu kama gari zuri, na sisi watatu hatuna pesa hizo sasa. Mwenzetu anasema tutazeeka tukingoja. Huenda ni kweli. Lakini huyo huyo ameshamwahidi binti yake kiti cha pili, siku ya kwanza tutakapobeba abiria. Nilipomuuliza kama angemketisha binti huyo nyuma ya mkanda tuliojiundia wenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza tuanze kuchanga shilingi ngapi kwa mwezi.

Tumeanza mwezi huu. Ndege itangoja.