Mlango wa wateja na mlango wa watoto

Wiki hii tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliishi kila jioni bila kulitaja: namna nyumba ya pombe inavyopangwa. Juu ya pombe yenyewe tumekwisha kuhubiriwa vya kutosha. Leo tuangalie mlango, ukuta, benchi na njia ya kwenda chooni.

Toka Kavimvira mpaka Kalundu, mama akikosa feza ya shule, mara nyingi njia iliyo karibu ni kufungua kabare kwake mwenyewe. Ananunua kasha mbili za bia, ama anakamua ndizi apate kasiksi, anapanga viti vya plastiki chini ya mwembe, na parseli imekwisha kuwa kabare. Kule Kinshasa wanaita nganda. Neno hilo zamani lilikuwa la kambi ya wavuvi, na sisi watu wa ziwa tunalielewa upesi: mahali mtu anapofika amechoka, anapata samaki wa kuchoma na kitu cha kunywa. Kwetu samaki huyo ni mukeke, na anayemchoma ni mama.

Sasa tutazame parseli hiyo. Mlango wa barabarani ni mmoja. Uani wameketi wateja, kando kuna mbabula ya makala, nyuma kuna choo. Katikati ya hayo yote kuna nyumba ya vyumba viwili ambamo watoto wanalala. Mtoto anayekwenda kuteka maji anapita kati ya meza. Usiku, akibanwa, anangoja zamu ya choo pamoja na walevi. Binti wa miaka 13 anapita akibeba chumvi ya jikoni, mteja anamwita: «Niletee ingine.» Anaileta leo, anaileta kesho, na mwisho wa mwezi amekuwa mhudumu wa kabare bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua hivyo.

Dada yetu mmoja anayeishi Uingereza alitutumia picha za pabu za zamani za huko, na tulizitazama kwa muda mrefu. Maana ya jina lake ni nyumba ya watu wote. Hapo kale ilikuwa kweli nyumba ya mtu, na mara nyingi mama ndiye aliyepika pombe jikoni mwake akawauzia majirani, sawasawa na sisi. Baadaye viwanda vikubwa vikachukua kazi hiyo. Katika karne ya 19 pabu za miji zikagawanywa vyumba vingi kwa mbao na vioo. Chumba cha wafanyakazi kilikuwa na sakafu tupu na mabenchi. Chumba cha wenye cheo kilikuwa na zulia na viti laini, na bia ileile iliuzwa humo kwa bei ya juu zaidi. Kaunta iliwekwa katikati, hivi kwamba mwenye nyumba aliona vyumba vyote akiwa amesimama pahali pamoja.

Kulikuwa pia na kachumba kadogo, mara nyingi kenye mlango wake, na vioo visivyoonyesha ndani. Kinywaji kilipitishwa kwenye kidirisha. Humo waliketi wanawake, pamoja na yeyote ambaye hakutaka kuonekana. Kule Belfast, pabu moja ya zamani iitwayo Crown bado ina vyumba kumi vya namna hiyo, vyenye milango na kengele ya kumwita mhudumu.

Na watoto? Wazazi waliwatuma na jagi kununua bia ya kunywa nyumbani, na pabu nyingi zilitenga pahali pa kuuzia wanaokuja na jagi. Mwaka 1901 sheria ikakataza kuwauzia watoto wa chini ya miaka 14, isipokuwa chombo kiwe kimefungwa na kutiwa muhuri. Mwaka 1908 ikawakataza kuingia kabisa ndani ya baa. Hata taifa lenye pabu nyingi namna hiyo lilifika pahali pa kusema: njia ya mtoto isipite hapa.

Lakini ukuta una pande mbili. Kachumba kale kalimkinga mama, kakamficha pia, kama kwamba kiti chake katikati ya watu hakikuwa haki. Kuta nyingi zilibomolewa katika karne ya 20, lakini desturi ilikawia. Ni mwaka 1982 tu mahakama huko London iliamua kwamba kumkatalia mwanamke kinywaji kaunteni kwa sababu ni mwanamke ni kuvunja sheria. Tusicheke. Kwetu, mpaka sheria ya jamaa iliporekebishwa mwaka 2016, mke alihitaji ruhusa ya mume ili afanye mapatano ya kisheria, hata kama kabare ni yake na deni ni lake.

Kwa hiyo swali letu ni hili: nani anachora ukuta, na ni kwa faida ya nani? Katika parseli zetu, tuuchore sisi tunaolala humo. Wenzetu kadhaa wa chama wamekwisha kuanza, bila feza nyingi. Mmoja alifungua mlango wa pili upande wa jirani, na watoto wake wanapita huko. Mwingine alisimamisha miti na matete kati ya uani na vyumba vya kulala. Wa tatu alihamisha mbabula na sanduku la feza karibu na mlango wa barabarani; sasa anamwona kila anayeingia na kila anayetoka, kama yule mwenye kaunta ya katikati. Tatizo kubwa bado ni choo. Shimo la pili ni gharama, na sehemu za karibu na ziwa maji hujaa upesi. Tunapendekeza likelemba ya mzunguko ujao ianze na wale wenye mabinti.

Na kanuni moja haihitaji hata senti: asiye na miaka 18 hapeleki chupa mezani, hata mteja akiwa baba mdogo. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto. Mteja akinung'unika, mama mwenyewe aipeleke chupa na kumwambia hivyo wazi.

Katika mkutano ujao, kila mama anayeuza nyumbani alete karatasi yenye picha ya parseli yake: mlango, mbabula, choo, meza, kitanda cha watoto. Achore kwa kalamu nyekundu njia anayopita mtoto kutoka kitandani mpaka chooni. Tutaziweka zote chini, tuzitazame pamoja, na tuanze na ile ambayo mstari wake mwekundu unakata meza nyingi zaidi.