Maktaba Iliyopotea na Sanduku la Babu

Mwaka jana, katika kipindi cha fasihi, mwanafunzi wetu mmoja alisimama akaomba ruhusa ya kutueleza jambo. Alikuwa amemaliza kusoma, kwa Kifaransa, riwaya ndefu ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyotolewa Uingereza mwaka 1954 na 1955, pamoja na The Silmarillion, iliyotolewa mwaka 1977 baada ya mwandishi kufariki.

“Mwalimu,” alisema, “kisiwa cha Númenor, kile kilichomezwa na bahari, Tolkien hakukibuni. Habari zake ziliandikwa katika vitabu vya maktaba ya Alexandria. Vitabu vile viliungua, lakini kimoja kiliokoka, naye akakisoma.”

Hakukosa hoja. Plato, alisema, aliandika kwamba habari za kisiwa cha Atlantis zilitoka kwa makuhani wa Misri, nao walikuwa nazo katika maandishi. Na Alexandria iko Misri. Katika lugha aliyoitunga Tolkien, kisiwa kilichozama huitwa Atalantë. Tena mwanzoni mwa riwaya yake mwandishi anasema kwamba ameitoa katika kitabu cha kale chenye jalada jekundu. Darasa likampigia makofi. Sisi tukacheka, na kicheko chetu kikamkalisha chini.

Usiku ule kicheko kile kilitusuta. Mtoto amesoma vitabu viwili vinene, amelinganisha, amehoji, kisha mwalimu wake anamcheka! Tukaazimia kumjibu kama ajibiwavyo msomi.

Kipindi kilichofuata tulianza kwa kumwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha tukaeleza. Plato alifariki yapata mwaka 347 kabla ya Kristo, na mji wa Alexandria ulianzishwa mwaka 331. Basi hakuna kitabu cha maktaba ile alichoweza kukitegemea. Tolkien naye hakuficha kwamba hadithi ya Atlantis ilimwandama: alieleza kuwa mara kwa mara aliota wimbi kubwa likiifunika nchi ya kijani. Ama kitabu chekundu, hicho ni hila ya msimulizi. Lakini itazameni hila yenyewe, tuliwaambia. Tolkien anasema kwamba kitabu cha asili kilipotea, na kwamba tunachosoma kimetufikia kwa sababu watu walikinakili. Kwa nini mtunzi, aliyekuwa huru kubuni lolote, alichagua kubuni upotevu na nakala?

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika kazi yake. Tangu mwaka 1925 Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Utenzi mkuu wa lugha ile, Beowulf, umetufikia katika mswada mmoja tu, ulioandikwa yapata mwaka 1000. Mswada huo ulikuwa katika maktaba iliyokusanywa na Robert Cotton, na tarehe 23 Oktoba 1731 nyumba iliyokuwa imeihifadhi, huko Westminster, ilishika moto. Inasimuliwa kwamba vitabu vilitupwa nje kupitia madirishani, na kwamba mtunza maktaba ya mfalme, Richard Bentley, alitoka amekumbatia Biblia ya kale ya Kigiriki iitwayo Codex Alexandrinus. Hapo mwanafunzi wetu aliinua kichwa. Naam, tulimwambia, kitabu chenye jina la Alexandria kiliokoka motoni kweli, ila si kile ulichokidhania.

Beowulf uliokoka kingo zake zikiwa zimeungua. Kadiri miaka ilivyopita, kingo hizo zikawa zinamomonyoka, herufi baada ya herufi. Kama msomi Thorkelin wa Iceland asingepata nakala mbili za utenzi huo mwishoni mwa karne ya 18, moja kwa mkono wake mwenyewe, maneno mengi tusingeyajua leo. Utenzi mwingine, wa vita vya Maldon, uliteketea kabisa usiku ule. Tunao kwa kuwa mtu alikuwa amekwisha kuunakili, na hata hivyo hauna mwanzo wala mwisho. Tolkien aliuandikia utenzi huo mchezo mfupi mwaka 1953. Na katika The Hobbit, ya mwaka 1937, kikombe kinachoibwa katika hazina ya joka kinatukumbusha kikombe kilichoibwa katika Beowulf.

Basi mwanafunzi wetu hakukosea sana. Nyuma ya hadithi zile ipo maktaba iliyoungua. Alichokosea ni kudhani kuwa pana siri. Hapana siri, pana kalamu ya mnakili.

Tena tukawaeleza kwamba hata Alexandria haikuuawa na moto mmoja. Moto wa vita vya Julius Caesar, mwaka 48 kabla ya Kristo, uliidhuru. Lakini karibu miaka 100 kabla ya hapo Ptolemy wa Nane alikuwa amewafukuza wataalamu wake. Karatasi za mafunjo huoza. Kitabu kisiponakiliwa upya hufa chenyewe, pasipo adui wala kiberiti.

Tulipoyasema hayo sauti ilitukwama, nasi hatukuwaambia wanafunzi sababu. Twawaambieni ninyi, walimu wenzetu. Babu yetu, aliyeishi Buyenzi hapa Bujumbura, aliacha sanduku la madaftari: tungo za harusi, dawa, nasaba, barua, vyote kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Miaka mingi shangazi yetu alitusihi, “Mwanangu, wewe ndiwe mwalimu, yanakili haya.” Tulijibu, “Likizo ijayo, shangazi.” Shangazi alipofariki tulilifungua sanduku. Mchwa walikuwa wametutangulia. Daftari moja tu ndilo lililosomeka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bila mnakili halina tofauti na mali hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi za watu wengine maisha yake yote, na nyingi twazisoma kwa sababu yake. Sisi tulishindwa kunakili za babu mmoja.

Wiki iliyofuata tulilileta daftari lile darasani na kulisimulia kisa chake. Mwanafunzi wa Númenor alilitazama kwa muda mrefu. “Mwalimu,” akasema, “herufi hizi sizijui. Lakini ukisoma, mimi nitaandika.”

Tangu hapo, kila Jumatano jioni, sisi husoma naye huandika. Tumefikia ukurasa wa kumi na tisa. Utungo mmoja wa harusi unakatika katikati ya ubeti, bibi arusi akiwa bado mlangoni, na hapana ajuaye alivyoingia. Mwanafunzi alituuliza kama aumalize kwa maneno yake. Tulimwambia aache nafasi tupu, na kando yake aandike kwamba hapo mchwa walikula.