Folio ya 37

Mwezi uliopita tulimzika mzee wangu wa masijala. Tuliomjua kazini tulikuwa watatu tu pale kaburini. Wasifu wake uliposomwa alitajwa kuwa mkulima na mcha Mungu, na ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba mtu huyu aliniokoa nisifukuzwe kazi.

Nilizaliwa 1955, nikasoma, nikapita Mzumbe. Mwaka 1984, halmashauri za wilaya ziliporudishwa baada ya kufutwa 1972, nikaajiriwa kuwa afisa mipango katika wilaya moja ya kusini. Nilijiona msomi. Mzee aliishia darasa la nane la mkoloni, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Barua ikiingia aligonga muhuri, akaandika namba ya folio kwa wino mwekundu pembeni juu, akaitoboa na kuipitisha kwenye uzi wa jalada. Jalada halikutoka bila kuandikwa daftarini, hata kwa mkurugenzi. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "serikali haina masikio. Ina macho."

Mwaka 1996 kiongozi mmoja wa wilaya aliniita. Mabati 60 ya zahanati yaende kuezeka nyumba ya wageni, kuna mgeni mkubwa anakuja. Sikubisha. Nilirudi mezani nikaandika dokezo sabili: "Kufuatia maagizo yako ya mdomo ya leo saa 4 asubuhi, naomba uthibitisho wa maandishi ili utekelezaji uanze." Mzee akalipa namba, folio ya 37, akalipeleka kwa mkono wake na kusainisha daftari la kupokelea.

Jibu halikuja. Ulikuja uhamisho.

Aliyekalia kiti changu aliyatoa mabati kwa neno la mdomo. Wakaguzi walipofika, aliyeagiza akasema hajui lolote, na mwenzangu akapoteza kazi, ana watoto wanne. Nami niliitwa, maana saini ya kupokea mabati ilikuwa yangu. Mzee akaleta jalada, folio ya 37 ikasomwa, nikaruhusiwa siku ile ile. Yule mkubwa alistaafu na mafao yake yote. Sijamsamehe kwa ajili ya mwenzangu.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka 55, nilistaafu kwa hiari, nikagombea ubunge, nikashinda. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009 inamfanya mbunge mwenyekiti wa kamati ya mfuko, na afisa mipango wa wilaya anakaa humo humo. Siku moja nikampigia simu binti wa mipango: saruji tuliyopitisha kwa shule moja ihamie kata nyingine, ambako nilikuwa nimetoa ahadi mkutanoni. Jioni nikaletewa karatasi. "Kufuatia maagizo yako ya mdomo kwa njia ya simu..."

Nilighadhibika. Nikaona nimedharauliwa na mtoto. Usiku nikakumbuka nilipoyaona maneno yale, na asubuhi nikampigia tena: saruji ibaki ilipopangwa. Binti yule hakuwahi kumwona mzee wangu.

Wabunge wenzangu waliniambia karatasi zinachelewesha maendeleo. Mafuriko yakivunja daraja, sawa, agiza kwa mdomo, ila andika kabla jua halijazama. Zaidi ya hapo sikubaliani nao, na tulibishana hadi nilipotoka bungeni 2015. Siku hizi naona maagizo yanatolewa jukwaani au kwenye kundi la WhatsApp, na kijana anakimbia kutekeleza. Ujumbe ukifutwa, aliyetekeleza anabaki peke yake mbele ya mkaguzi.

Wanangu mlioko mipango, uhasibu na manunuzi, mkubwa akiwapigia simu mpeni heshima yake yote, kisha chukueni kalamu. Akikasirika, mwambieni ni mbunge mstaafu aliyewatuma.