Majani Mapya kabla ya Mvua

Wenzetu wa Kivu kiangazi chao ni kifupi. Sisi wa kusini mwa Katanga hatuna bahati hiyo. Kwetu mvua hukatika mwezi wa nne, nayo hairudi mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kwanza huja baridi, wazee wakaota moto wa makala asubuhi. Kisha vumbi, moshi wa nyasi zinazoungua, na jua kali.

Mke wangu alifariki mwezi wa saba mwaka 2019. Baada ya matanga watu walirudi kwao, ndiyo desturi, nami nikabaki na watoto wawili na shamba letu ng'ambo ya mto Kafubu. Nilikula kwa kuwa niliwekewa chakula. Nilisali kwa midomo tu. Jirani waliniambia: "Baba, siku zitaponya." Mimi sikuona siku zikiponya kitu. Ziko donda ambazo siku huzioza.

Mwezi wa tisa nilikwenda shambani, si kulima, bali kutafuta kimya. Pori lilikuwa jeusi kwa moto. Lakini miti ya miombo ilikuwa imevaa majani mapya, mekundu kama shaba, mengine ya rangi ya divai, na mbinguni hata wingu moja hakuna. Nimezaliwa katika inchi hii, na jambo hilo naliliona kila mwaka pasipo kuuliza. Safari hiyo niliuliza: maji yatoka wapi? Mti ule haungoji mvua. Mizizi yake yashuka chini sana, na maji uliyoyaweka tangu masika ndiyo yanayotoa majani katika siku zilizo kavu kuliko zote. Hata kisiki kilichoachwa na wachoma makala (nao wanazidi kila mwaka, yasikitisha) huchipuka tena, kama mtu hakukirudia na shoka.

Nikaketi pale, nikahesabu niliyowekewa na marehemu: miaka 22 ya ndoa, sala alizowafundisha watoto, mbegu za mahindi alizotundika juu ya moshi wa jikoni. Mbegu zilikuwapo bado.

Ulaya Pasaka huja pamoja na majani mapya. Kwetu huja mvua ikiwa karibu kukatika. Lakini tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu, hutuangukia wakati wa kupanda. Mwaka ule tulisikiliza Misa, tukapalilia kaburi, tukaenda kushika jembe, maana udongo ulikuwa umelowa. Kijana alichimba mashimo, dada yake akatia punje tatu tatu. Wakashindana, wakacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko nyumbani mwetu.

Huzuni ingalipo. Hurudi pamoja na baridi ya mwezi wa saba, nami huipokea kama mgeni ninayemjua. Uyoga ulipotoka mwezi wa kumi na mbili, binti aliupika kwa karanga za kutwanga, kama mama yake, ila chumvi ilizidi. Tulimaliza bukari yote.